Mwanamke Aliyeomba Takataka Zetu

Mwanangu, ile siku Wanjeri aliingia kijijini kwetu bado ninaikumbuka, maana hakuna aliyemsalimia vizuri.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka wapigania uhuru msituni, huku upande wa Ruiru. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani na kutusongamanisha katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na langoni walisimama mahomgadi, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mume wangu alikuwa kizuizini, nikabaki na mama yake. Siku hizo hata mtu akikuuliza umepika nini, unajiuliza kwanza ametumwa na nani.

Sasa huyu Wanjeri, mjane kutoka Thika, akapita nyumba kwa nyumba akiomba mikebe mitupu, magunia yaliyochakaa na matambara. Alisema atatufundisha kutengeneza vitu vya kuuza sokoni. Alipoondoka kwetu, mama mkwe akafunga mlango.

"Usimpe kitu," akaniambia. "Takataka za nyumba zinasema mengi. Akiona mikebe mingi kuliko watu, atasema tunalisha watu wa msituni."

Maneno hayo yakaenea. Jioni ile wanawake wengi walikuwa wakizika taka zao.

Wanjeri hakuudhika. Alirudi na takataka zake mwenyewe kutoka mjini, akaketi karibu na bomba la maji, akaanza kufumua gunia uzi mmoja mmoja ili asuke kikapu cha kiondo. Mkebe akaukata, akaukunja, akautia utambi wa kitambaa, ukawa koroboi, taa ya mafuta ya kuangazia nyumba. Wachache tukasogea. Mama mkwe naye akaja, lakini hakugusa kitu. Alikaa nyuma akimtazama tu, siku baada ya siku: anaongea na nani, anauliza nini, akitoka anapitia wapi. Mimi niliona haya kwa jinsi alivyomchunguza. Kiondo changu cha kwanza, ingawa kilikuwa kimepinda, kilinunuliwa sokoni, nikarudi nyumbani na chumvi na sabuni. Nilishaanza kumpenda yule mjane.

Kumbe hata mahomgadi walikuwa wanamshuku. Asubuhi moja walimkamata langoni na gunia la mikebe. Mkubwa wao akasema anawapelekea watu wa msituni vyuma vya kutengenezea bunduki. Akatugeukia sisi tuliokuwa kwenye foleni ya kazi ya lazima.

"Nani anamjua huyu mama?"

Mimi niliyemjua nikajificha nyuma ya mwenzangu. Mama mkwe ndiye aliyetoka kwenye foleni.

"Mimi sio rafiki yake," alisema. "Nilimshuku kabla yenu, na nimemwangalia tangu aje. Mikebe anayoleta anaikata hapo mbele ya watu wote. Hajawahi kuuliza habari za mtu. Ingieni manyumbani muone koroboi zenyewe."

Waliingia, wakaziona. Yule mkubwa akamwaga gunia chini, akamwambia Wanjeri aokote mikebe yake na aende zake. Hata pole hakusema. Tukainama kumsaidia kuokota.

Tukiwa njiani nikauliza, "Mama, sasa unamwamini?"

"Bado namtazama," akanijibu. "Lakini siwezi kukana kitu nimeona kwa macho yangu."

Kesho yake mama mkwe alisogea mbele pale bombani, akamwomba Wanjeri uzi.

Mwanangu, nasikia pale Mwihoko kuna msichana anayewafundisha akina mama kufuma mikeka kwa plastiki za kutupwa, na nyinyi mnanong'ona kwamba ana jambo lake. Sikukatazi kushuku, mimi nimeishi kwa kushuku. Lakini usishuku ukiwa umejificha nyuma ya mlango. Nenda ukae, utazame, umuulize yeye mwenyewe. Ukijua ni mbaya, waonye watu. Ukijua ni mwema, simama useme, hata kama mwenye bunduki anangoja jibu lingine.

Mungu akupe macho yasiyodanganyika na kinywa kisichoogopa, na mikono yako isikose kazi ya halali. Haya, nenda na amani.