Kisanduku cha Dada wa Koboko

Mama ndiye aliyeniambia niongeze kisanduku kwenye mchoro wa ukoo. Ilikuwa wiki ya maandalizi ya ibada ya kumbukumbu ya marehemu baba, na alikuwa anapeta simsim uani, nyumbani kwetu mtaa wa Oli. Akasema bila kuinua uso, "Yule wa Koboko, weka yeye pia. Iko mutoto ya baba yako." Akaendelea kupeta.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika kwa niaba ya mama. Sasa yeye hakukasirika, na hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Mchoro wa ukoo niliuchora mwenyewe katika programu ya slaidi, baba akiwa bado hai. Babu na bibi juu, baba na mama chini yao, halafu sisi watoto, kila mmoja na kisanduku chake. Zamani ukiubofya mara mbili ulifunguka, ukaongeza mtu, mistari ikajipanga yenyewe. Baba aliketi kando yangu akinitajia majina. Alipotutaja wote wa nyumba yetu alikohoa, akasema inatosha. Tulijua kuna mtoto mwingine. Baba alikuwa dereva wa lori kutoka Vurra kwenda Koboko, na lori lile lilikuwa na mazoea ya kuharibika karibu na Lobule, huko huko Koboko. Sikukuu nyingi tulikula bila yeye. Mimi nilimlaumu mtoto wa kule, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitoboa tairi.

Basi nikafungua laptopu. Nilikuwa nimetoka kuipeleka kwa mafundi, wakaniwekea toleo jipya la programu. Mchoro ulikuwepo, mzuri vilevile, lakini nilipoubofya haukufunguka. Kompyuta ikasema kifaa kilichouchora hakipo tena kwenye mashine hii. Ukoo wetu ulikuwa umegeuka picha: ungeweza kuukuza na kuusogeza, ila si kumwingiza mtu.

Niliona raha. Nilijaribu njia moja tu zaidi, ili nikiulizwa niwe na la kusema. Nilichagua kutenganisha vipande, na kompyuta ikauliza: hii ni picha, je, unataka kuigeuza iwe maumbo ya kawaida? Ndiyo au Hapana. Maana ya Ndiyo niliijua vizuri. Visanduku vingeachana, mistari ningeipanga upya kwa mkono, kazi ya mchana mmoja. Nikabonyeza Hapana, nikatoka uani kumwambia mama kompyuta imekataa.

"Kompyuta," mama akasema. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye simsim yake.

Siku ya ibada tulifunga shuka la kuonyeshea mchoro ukutani chini ya turubai, jenereta likinguruma nyuma ya jiko. Dada yule alifika kutoka Koboko na wanawe, amejitwika mfuko wa unga wa muhogo kichwani. Alivaa kitenge kilekile tulichovaa sote. Mama alikuwa amemtumia kitambaa bila kuniambia. Akaketishwa mbele pamoja nasi watoto wa marehemu.

Kwetu mchoro ukionyeshwa, mchungaji husoma jina, mtoto anasimama, watu wanamwona, anaketi. Ndivyo ukoo unavyojua nani ni nani. Akatusoma mmoja mmoja. Tulipokwisha dada alikuwa tayari amejiinua nusu, mkono kwenye kiti, akisubiri jina lake. Mchungaji akasema tuombe. Dada akainama, akamfunga mwanawe kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa, kisha akaketi.

Baadaye nilimfuata. Mimi sijui lugha ya kwao, naye hajui yetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Nikamwambia, "Dada, kompyuta ilikataa."

"Hapana sumbua, kaka," akasema. "Mashine ikikataa, mutu itafanya nini? Watu iko naona mimi hapa." Akakunja mikono ya blauzi, akaingia jikoni, akaosha masufuria na wanawake wengine mpaka la mwisho. Afadhali angenitukana.

Kesho yake, wageni walipoondoka, niliufungua mchoro ule na nikabonyeza Ndiyo. Kila kitu kikaachana. Mistari ilining'inia bila mwenyewe, kisanduku changu kikapanda juu ya cha mdogo wangu. Nilikaa nao mchana kutwa, nikiwasogeza ndugu zangu mmoja mmoja hadi nafasi ikapatikana. Nikachora kisanduku kipya, nikavuta mstari kutoka kwa baba, nikaweka vidole tayari kuandika.

Sikujua jina lake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita yule wa Koboko. Niliona haya kumwuliza mama, nikampigia simu dada mwenyewe.

"Dada, samahani. Jina lako kamili ni nani?"

Akalitaja. Nikamwomba arudie, nikidhani simu inakatakata. Akarudia polepole, kwa upole ule ule wa jana. Lilikuwa jina la bibi, mama mzazi wa baba. Dada zangu wa nyumbani, hakuna hata mmoja aliyepewa jina hilo, na hatukuwahi kuuliza kwa nini.

"Baba ndiyo alinipa," akasema. "Alikuwa naita mimi mama."

Nilimshukuru, nikakata simu. Sikuwa na haja ya kuandika chochote. Nililinakili jina kutoka kisanduku cha bibi, juu kabisa, nikalibandika kwenye chake.