Feni ya Mwendo Mmoja

Msimu wa korosho nyumba yetu ya Nandagala ilinuka mabibo yaliyochacha, na joto lilitulia chini ya bati tangu asubuhi. Mwaka mmoja Mama alimzaa mdogo wangu Hadija kabla ya siku zake, kichanga chepesi kilichojaa vipele vya joto, kisicholala wala kunyonya vizuri. Tulikuwa na feni ya mezani ambayo swichi yake ya kupunguza mwendo ilikufa, ikabaki na mwendo mmoja tu, wa kupeperusha mapazia. Tukiiwasha, mtoto alikohoa na kushtuka; tukiizima, alilia hadi sauti ikamkauka. Mama alimpepea kwa kipande cha boksi huku akisinzia, na mkono ukimchoka nilimpokea mimi.

Shangazi Somoe, dada yake Baba, alikuwa fundi redio sokoni Ruangwa. Alikuja na mfuko wa nyaya. Kwanza aliipitisha njia ya umeme wa feni kwenye balbu. Balbu ikawaka hafifu, feni ikanguruma bila kuzunguka. Kesho yake alileta swichi ya kufifisha taa. Feni ilizunguka, lakini mota ikalia vibaya na kuchemka hadi tukasikia harufu ya kuungua.

"Acha tu, wifi," Mama alisema. "Utatuunguzia nyumba."

"Mota hii haina brashi, haipendi umeme wa kukatwakatwa," Shangazi alijibu. "Nivumilie kidogo. Huyu mtoto ni wangu pia."

Alirudi na kapasita aliyoitoa kwenye rigileta, ile swichi ya kubadilisha mwendo, ya pangaboi bovu, akaiunga kwenye waya mmoja wa feni na kuifungia ndani ya kopo la plastiki tusije tukaigusa. Alipowasha, feni ilianza taratibu, bila ngurumo, upepo ukitikisa pindo la kanga tu. Hadija akanyoosha vidole, akalala. Mama naye akalala. Shangazi alikaa sakafuni mchana wote, akigusa mota kila mara kuona kama inachemka, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Siku hizi naishi Nachingwea mjini, na feni yangu inaendeshwa kwa rimoti. Hadija, ambaye sasa anafundisha shuleni Marambo, akija hubadilisha mwendo wake bila hata kuitazama, maongezi yakiendelea. Ni raha, sikatai. Juzi ndipo nilipomsimulia habari hii. Akampigia Shangazi simu papo hapo, kumuuliza tu kama huko Ruangwa kuna joto.