Kitalu Kisicho na Ugonjwa

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba weupe ulioonekana juu ya miche ya mikorosho ni vumbi la barabara; kwamba kitalu cha kijiji cha ujamaa hakina ugonjwa; na kwamba atakayeng'oa mche hata mmoja atahesabiwa mhujumu.

Tangazo hilo, la mwaka 1975, lilipigiliwa kwenye nguzo ya kitalu, si mbali na Nangurukuru, mbele ya mtu mmoja aliyekuwa na haja nalo: Bi Mboni, mtunza kitalu. Mwaka uliotangulia alihamishwa kutoka vilima vya Umatumbini, akaiacha mikorosho yake themanini. Aliahidiwa ekari mbili kijijini, miche yake ikisalimika. Miche yenyewe ilikuwa mia sita, na kila kukicha ukungu ulikuwa umemeza mstari mwingine.

Bwana shamba Nikodemu, kijana wa cheti kipya, alifika suruali ameikunja hadi magotini.

"Ndugu Mboni, umesoma tangazo?"

"Shikamoo umeiacha Lindi?"

"Shikamoo. Umesoma?"

"Marahaba. Nimesomewa. Vumbi haliozeshi shina, bwana mdogo. Hii kuvu. Makuti ya kivuli mmeyabananisha, upepo haupiti, tena unaniamuru nimwagilie asubuhi na jioni. Niache niyafumue, ning'oe iliyougua, nichome."

"Kilimo umesomea wapi?"

"Kwa mikorosho themanini mliyoniachisha. Wewe umepanda mingapi?"

Nikodemu hakuwa amepanda hata mmoja, ila alikuwa na muhuri.

"Gusa mche uone."

Aligusa. Kijana hata hajafika mbali, Bi Mboni alipanda juu ya kinu, akafumua makuti ya nusu ya kitalu, akang'oa miche iliyooza na kuichoma mafigani kwake. Upande huo akaacha kumwagilia. Upande wa pili akautunza kama serikali ilivyotaka, neno kwa neno.

Baada ya wiki mbili kamati ya kijiji ilikuja kukagua. Upande wa serikali haukuwa na mche uliosimama. Upande wa Bi Mboni ulikuwa kijani kitupu. Kamati ikamwona mhujumu, ikamnyima ekari zake, kisha ikaipongeza miche iliyobaki kwa kufutwa vumbi vizuri.

"Na likirudi mfute kwa kanga za mama zenu," alisema Bi Mboni, akaondoka bila kuaga.

Nikodemu aliugonga muhuri uamuzi wa kamati. Ilikuwa Aprili. Gari lililoleta tangazo lilikuwa bado limekwama katika barabara hiyohiyo ya vumbi, tope hadi milangoni.