Mkoba wa Sangara Usio na Bei

Mama mkwe wangu aliposikia mkoba wake umeondoka kwa bei gani kwenye mnada wa mtandaoni, alinawa mikono, akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Mwanangu, ukiondoka mwingine kwa bei ya kutupa, mimi nafunga kazi. Narudi Ukerewe nikalime."

Nilijua hatanii. Mkoba mmoja unamchukua karibu wiki tatu. Ngozi za sangara tunazipata kwenye viwanda vya minofu huku ziwani, zikiwa bado na magamba na harufu ya kukufukuza nyumbani kwako mwenyewe. Anazikwangua, anaziloweka kwenye pipa la maji ya magome ya miti, anazitandaza kwenye mbao alizoegemeza mwambani nyuma ya nyumba yetu Pasiansi, kisha anazikanda kwa mikono mpaka zilainike kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Majirani humcheka kwamba anashona mboga, lakini wakiugusa mkoba wenyewe hawataki kuuachia. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani, kwa hiyo kazi ni ya sisi wawili: yeye anatengeneza, mimi nauza. Na aliyeuza vibaya ni mimi.

Mnadani wateja walikuwepo, tena wengine wa nchi za mbali. Tatizo ni kwamba wengi walikuja kuwinda cha bure, na siku watu wakiwa wachache mkoba unaondoka kwa bei iliyofikiwa, upende usipende. Nikaona dawa ni moja: haohao wanaonunua mnadani niwavute waje kwenye tovuti yetu wenyewe, ambako bei tunapanga sisi. Tovuti ilikuwepo. Nilikuwa nimeitengeneza kwa simu, nikaijaza picha nzuri, ila hakuna aliyeitembelea.

Masharti ya mnada niliyasoma mara mbili, maana naogopa sana kufungiwa. Kwenye tangazo ilikuwa marufuku kuandika anwani ya duka lako. Ndani ya kifurushi, kadi ya shukrani au zawadi ndogo iliruhusiwa. Kadi niliiona ni kitu cha kutupwa. Mimi nimekulia kwenye genge la mama yangu Mabatini, na pale mteja haondoki na nyanya alizolipia tu. Lazima umwongeze mbili tatu juu, ndipo kesho awapite jirani zako wote aje kwako. Nyongeza ndiyo niliyoijua. Basi nikachukua vipande vya ngozi vilivyobaki, nikashona samaki wadogo wa kuning'iniza funguo, na ubavuni mwa kila samaki nikaandika anwani ya tovuti kwa waya wa moto. Kila kifurushi kikaondoka na samaki wake.

Baada ya wiki kadhaa tovuti ikaanza kupata wageni, wengi wao kutoka miji ileile niliyokuwa natuma vifurushi. Nilimkimbilia mama mkwe uani nikipiga vigelegele.

"Wamenunua?" akauliza.

Bado, nikamwambia. Kesho yake akauliza tena. Bado. Wanaingia, wanazunguka, wanatoka. Nikaanza kuwasema moyoni: wabahili wakubwa hawa, wameshazoea vya bure. Nikamkasirikia hata yeye kwa kuuliza, ingawa alikuwa na haki zote za kuuliza. Pipa lilikuwa limebaki na ngozi za mkoba mmoja tu, na hakuniagiza nyingine.

Siku moja asubuhi mteja mmoja, mwanamke wa ng'ambo aliyewahi kununua kwetu mnadani, akatuandikia. Kwa adabu kabisa alisema samaki wake anamtumia kwenye funguo za gari, na mkoba wa kahawia kwenye tovuti ameupenda mno, ila angependa kujua: hii mikoba inauzwa, au ni ya kuonyesha tu?

Nilichukia. Kwa nini isiuzwe? Nikaifungua tovuti nitafute cha kumjibu, na hapo ndipo nilipojiona. Chini ya kila picha, kwa lugha yetu na kwa lugha ya wageni, nilikuwa nimeandika mwenyewe: bei ni maelewano.

Niliona aibu. Mabatini ukibandika bei unaonekana una maringo, umemfungia mteja mlango kabla hajasalimia. Anaanza yeye, wewe unashangaa, anapanda, unalalamika, mnacheka, mnakutana katikati. Lakini huyu alikuwa peke yake na simu yake, hana wa kusalimiana naye wala wa kubishana naye. Mnadani angalau aliikuta bei ya kuanzia. Kwangu hakukuta kitu.

Nilikwenda uani nikamweleza mama mkwe, nikijua nitasemwa. Hakunisema. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Sasa mama, nitajie bei," nikamwambia. "Wewe ndiye umeutengeneza."

Kicheko kikakatika. Miaka yote ile hakuwahi kuwa wa kwanza kutaja bei. Alizoea kusubiri aambiwe kazi yake inafaa kiasi gani, kisha avutane kutoka hapo. Akaniuliza mimi ningesema ngapi. Akauliza mwanawe angesema ngapi. Nilimwonea huruma sana, lakini nilijikaza nikakataa kumsaidia. Akauchukua mkoba wa kahawia, akapitisha kidole kwenye mshono wote, taratibu, mpaka mwisho. Akataja.

Ilikuwa mara tatu ya ile ya mnadani. Nikashtuka. "Mama, si tupunguze kidogo?"

"Umeniuliza, nimekujibu. Andika."

Nikaandika, nikamjibu yule mteja kwamba unauzwa na bei sasa ipo. Kabla hatujala chakula cha mchana alikuwa ameununua.

"Hajaomba apunguziwe?" mama mkwe akauliza.

"Hajaomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Ameandika asante tu."

Machozi yakamlengalenga, ya kwangu yalikuwa yameshatoka zamani. Alivuta mkoba mweusi ambao alikuwa hajamaliza kuushona, akaugeuza mara moja, akanitajia bei yake kabla sijamuuliza. Kisha akanituma kiwandani nikalete ngozi.