Khamis Alivyomwita Mkewe Redioni

Msinambie uzee. Haya niliyaona mwenyewe, mchana wa jua kali, hapa hapa Malaz, Riyadh, kisu mkononi nakata bamia. Wallahi sikuwa na usingizi wala homa.

Mdogo wangu Sefu Mbarouk alikuwa na redio ya mawimbi ya mbali, waya wake kautandaza juu ya paa. Alijitolea kuwaunganisha askari wa kwetu waliopelekwa kulinda amani huko porini, kusikofika simu, wapate kuongea na jamaa zao. Askari huita redioni, mimi napiga simu kwa mtu wake, Sefu anawaunganisha. Kusoma sikusoma, lakini majina yote ninayo: Koplo Haji Vuai, Makame Ussi, Daudi Mwakalinga aliyekuwa akilia hata kabla ya salamu. Na Khamis Faki.

Mke wa Khamis, Mwanakheri, alikuwa akifanya kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Nuzha. Madam wake alimruhusu simu Ijumaa tu baada ya alasiri, na Ijumaa hizo Khamis hakukosa. Mpaka nilipokwenda umra. Niliporudi, Sefu akanambia, "Dada, halas. Khamis kamwacha mkewe. Talaka kaitoa redioni, mie ndo nilompa mwanamke habari."

Nikaamini. Kwani ndugu yangu anidanganye kwa lipi? Sefu akawa anakaa redioni Ijumaa peke yake, mimi nikaona napumzishwa. Mwaka haujaisha tukasikia Khamis kapigwa risasi, kafa. Mwanakheri hata eda ya kufiwa hakumkalia, maana si kaachwa? Sefu akamposa, akakubaliwa. Ikabaki wiki moja waoane.

Ndiyo adhuhuri hiyo sasa. Sefu yuko msalani anatawadha. Redio imezimwa, plagi iko sakafuni, naiona. Ikakwaruza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikajibu, mazoea hayo, kabla sijakumbuka kuwa huyu ni Khamis, na hitima yake niliipikia mwenyewe.

"Niunganishie mke wangu. Ova."

Ova ndilo neno lao la kumpa mwenzio zamu ya kusema. Ungefanya nini wewe? Vidole vilipiga namba vyenyewe. Mwanakheri, aliyekwisha kuacha kazi kwa ajili ya harusi, akapokea, nikaiegemeza simu kwenye redio.

"Mwanakheri, sijakuacha. Nilikuita Ijumaa saba. Sefu akanambia hutaki kuisikia sauti yangu. Ova."

 Mwanakheri alipiga ukelele mmoja, wa mfiwa. Sefu akatoka mbio, maji yanamchuruzika.

"Dada, zima!"

"Zima wewe, fundi," nikamwambia, nikamwonyesha plagi.

Khamis akacheka, kicheko kikavu. "Sefu, zamu yako. Mwambie mke wangu ukweli. Ova."

Sefu akafungua mdomo atoe uongo mwingine, namjua. Kikatoka kile kikwaruzo cha redio isiyo na mtu. Akafunga, akafungua tena. Kikwaruzo.

Ndiyo sauti aliyonayo mpaka leo. Madaktari wamemulika koo, wanasema mafi, hamna kitu. Mwanakheri alimkalia mumewe eda, kama mke, kisha akarudi kwao Pemba. Namba yake mpya ninayo mimi tu. Kila Ijumaa Sefu ananipa karatasi ya kumwomba radhi, nimtafutie mtu wa kuisoma, nimfikishie. Naipokea. Ijumaa ya pili ananitazama, macho yanauliza, nami namwambia, "Hataki kusikia habari yako." Uso unamwanguka. Kinywa kinakwaruza. Mimi naendelea kupepeta mchele wangu.

Wewe unayenisikiliza, ukipewa neno la mtu lifikishe kama ulivyopewa, hata kama humpendi. Nakuusia. Juzi, katikati ya Alhamdu, koo langu nalo lilikwaruza. Nikanywa maji, nikairudia sala. Karatasi za Sefu ziko chini ya godoro, na zitakaa.