Ushuhuda wa Kadi ya Murielle

Murielle ana miaka ishirini na sita na anapokea simu za wateja wa bima huko mjini. Shangazi yake, Thérèse, ana miaka hamsini na nane, na ana duka lenye cherehani nne hapa mtaani Yeoville, ukuta mmoja na saluni yangu. Kuna miezi Thérèse anapata mara mbili ya Murielle. Lakini alipokwenda benki kuomba kadi ya mkopo walimrudisha, hana karatasi ya mshahara. Murielle walimpigia simu wenyewe wampe.

Mwaka jana wakamtumia ujumbe kwamba sasa anaweza kutumia hadi randi elfu thelathini na tano. Thérèse akauona, akaelewa mtoto kaongezewa mshahara. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, akataja na kiasi. Tukapiga vigelegele. Murielle aliinamisha kichwa, nami nikadhani anaona haya kwa furaha. Ujinga wangu.

Wiki haikuisha, watu wakaanza kuja kumkopa. Gradi, mpiga gitaa wa kwaya, alitaka tiketi ya kwenda kumzika mama yake Lubumbashi. Thérèse alitaka cherehani ya tano. Mimi nilichukua mashine mbili za kukaushia nywele kwa kadi yake, na mpaka leo nimerudisha pesa ya moja, tena kwa kuchechemea. Kumnyima mtu baada ya ushuhuda ule kungemfanya Thérèse mwongo mbele ya kanisa zima, kwa hiyo Murielle hakumnyima yeyote.

Januari hii chuo cha uuguzi kikamwita, baada ya kuomba miaka mitatu. Masomo ni kutwa nzima, lazima aache kazi, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Alikuja na barua dukani kwa shangazi yake, mimi nikiwepo nangoja gauni langu. Akaeleza polepole kwamba pesa ile haikuwa mshahara, ni ya benki, na riba inapanda kila mwezi.

Thérèse akasimamisha cherehani.

"Kwa hiyo ni deni? Yote?"

"Yote, tantine. Na iko kwa jina langu. Mukinirudishia, naenda masomo."

Nilitazama sakafu. Niliona aibu, lakini sikufungua mkoba. Thérèse aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Basi usiache kazi, mtoto wangu," akasema, akaendelea kushona.