Ugenini hatukupita getini

Wakuu, amani iwe kwenu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Vijana, marahaba kabla hamjaamkia.

Nimesoma mnavyobishana kwa nini timu yenu home inatisha na away ni mdebwedo. Nami nina langu. Chumvi siongezi, kwa umri huu sina muda wa kutubia uongo mpya.

Enzi za Ujamaa nilikuwa nasomesha madrasa Temeke. Timu ya mtaa wetu ilikuwa imepanda daraja kwa jasho la watu wa viwandani. Namba 11 wetu alikuwa Musa, mume wa dada yangu, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa neema ya Mungu.

Nyumbani tulimfunga kila aliyekuja. Ugenini hata sare hatukuijua.

Jioni tulibishana barazani kwa Kondo, fundi cherehani.

"Mbele tunaweka wanne, kati wanabaki wawili," alisema Kondo. "Hapa kwetu uwanja mdogo, wawili wanatosha. Kule uwanja mpana kama shamba la katani! Musa arudi kati."

"Kondo, wewe kata suruali," akamjibu Mwinyi, mwenyekiti wa timu. "Wale wanatuzikia vitu vya kichawi getini."

Watu walicheka. Ila wengi walimwamini Mwinyi.

Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini. Sare tu ingetubakisha kwenye daraja. Tulipanda lori la kiwanda tangu alfajiri, tukiimba njia nzima.

Tulipofika Mwinyi akasimama mbele ya wachezaji.

"Hakuna kupita getini. Wote ukutani."

"Ndugu mwenyekiti," Kondo akauliza, "tumekuja kucheza mpira au kuiba kuku?"

Mwinyi akawaonyesha ukuta kwa kidole. Wachezaji wakaanza kuparamia ukuta mmoja mmoja.

Musa alibaki chini, viatu vikining'inia shingoni. Akanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye msomi wa dini. Nipite wapi?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalo. Wiki ileile nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba hakuna awezaye kudhuru wala kunufaisha ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Lakini niliitaka ile sare. Nikawaza, na kama Mwinyi anasema kweli? Nikaona aibu pia kumpinga mbele za watu.

Nikamwambia, "Fuata wenzako."

Akaruka. Upande wa pili kulikuwa na vipande vya matofali. Nilimsikia kabla sijamwona.

Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu, uleule wa kushoto.

Tulifungwa matatu. Yote yalipita katikati, palepale aliposema Kondo. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyebishana wala kuimba. Daraja tukashuka, na baada ya muda timu ikafa.

Mfupa uliunga vibaya. Musa hakucheza tena. Kusimama kwenye mitambo kukamshinda, akahamishiwa kulinda lango la kiwanda. Winga aliyekuwa akiwaacha mabeki wamekaa chini, akawa anafungua na kufunga geti.

Namshukuru Mungu ametupa umri mrefu sote wawili. Bado tunasali safu moja. Wakati wa kukaa tahiyatu wenzake wanakunja miguu. Yeye wa kushoto ameunyoosha. Tukishatoa salamu ananipa mkono: "Shemeji, Mungu atukubalie."

Naitikia amina huku natazama mkeka.

Nilichojifunza ni kwamba Kondo angeweza kurekebisha mfumo kwa mazoezi ya wiki moja. Neno langu moja la uoga halijarekebishika mpaka leo. Ukiulizwa jambo unalolijua, lijibu, hata kama mechi iko mlangoni.

Wakuu, sijawahi kumwomba radhi. Kila mara najiambia Ijumaa ijayo, na miguu yake na yangu inazidi kuchoka.

Ijumaa hii tutakaa tena bega kwa bega. Mlio na hekima, niandikieni hapa chini: nianze na neno gani?